Dada fundi wa Luthuli aliyenipangia folda za duka kwa Linux, miezi minne baadaye

Nimekaa na hii kazi miezi minne kabla niandike kwa sababu sipendi kusifu mtu siku ile ile amemaliza, seva siku ya kwanza kila mtu anafurahia, shida hukuja wiki ya tatu hivi watu wakishazoea na wanaanza kuweka faili mahali wanataka. Sasa miezi minne imeisha, bado iko sawa, na wiki hii watu wawili wa maduka ya jirani wameniuliza nani alinifanyia, so wacha niandike yote mara moja.

Niko na kaduka ka kuchapisha huku River Road, Nairobi, ghorofa ya pili. Kadi za harusi, programu za mazishi, mabango, stika, vitabu vya risiti. Tuko watu sita, wabunifu watatu, msichana wa kaunta, shemeji yangu ambaye hufunga hesabu na pia ndiye huangalia mashine, na mimi. Kompyuta kubwa ni ex-UK nilinunua hapo Luthuli Avenue, tukaweka Debian 12, aina moja ya Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na wabunifu huikalia kwa zamu kila mtu na akaunti yake. Hiyo hiyo ndiyo seva, kazi zote ziko ndani yake. Kaunta iko na kompyuta ya Windows inaingia kwa seva kupitia Samba, ile programu ilianzishwa na Andrew Tridgell wa Australia, na ndiyo inafanya mashine za Windows na Linux zisomeane folda. Mwaka jana tuliacha zile programu za kukopiwa kwa fleshi tukahamia Inkscape na GIMP, programu za bure za kuchora na kurekebisha picha, na sijajuta hata siku moja.

Shida yetu ilikuwa folda ya pamoja. Nieleze na ile siku iliniuma zaidi. Ijumaa saa kumi jioni, familia iko kwa benchi inangoja programu za mazishi ya nyanya yao, nakala mia tatu, mwili unatoka Nairobi alfajiri kwenda nyumbani. Dada aliyedizaini alikuwa ameshaenda. Mtoto wa marehemu anaangalia kwa skrini anasema jina la ukoo la mama liko na herufi imekosewa. Kijana wa zamu akarekebisha, akabonyeza kuseivu, mashine ikakataa. Permission denied, yaani huna ruhusa. Akajaribu tena, ikakataa. Basi akaiseivu kwa dawati lake na jina lingine, akapiga kelele kwa kaunta kwamba faili iko tayari, na msichana wa kaunta akafungua ile anayoijua, ile ya zamani. Tulichapisha zote mia tatu na jina limekosewa. Tukarudia usiku, nikalipa karatasi na wino mara mbili, lakini pesa si kitu, kitu siwezi sahau ni venye yule mama mkubwa alishika ile karatasi akapitisha kidole juu ya jina la dada yake.

Fundi wa kwanza nilipewa na mtu, sitamtaja wala ofisi yake. Alikuja, akauliza folda iko wapi, akaandika chmod -R 777, yaani kila mtu apewe ruhusa zote kwa kila kitu ndani, akasema imeisha, akachukua elfu mbili, ilikuwa kama dakika kumi. Na kweli wikendi hiyo kila kitu kilifunguka. Jumatatu mchana shida ikarudi vile vile, kwa sababu ile amri inagusa faili zenye ziko wakati huo, faili mpya ya kesho inazaliwa na ruhusa zake za kawaida. Na zile za zamani sasa zilikuwa wazi kwa kila mtu, pamoja na folda ya mishahara, ambayo kaunta angeweza kuifungua akiwa amekaa pale mbele na kustoma. Wiki hiyo kijana wa atachimenti alikuwa anasafisha vitu vyake akafuta folda nzima ya kadi za harusi za mwezi huo. Simlaumu. Mlango uliachwa wazi na mtu mzima aliyelipwa.

Kuna kingine cha huyo fundi wa kwanza na nataka kila mtu mwenye anaguza Linux akisome vizuri. Aliongeza shemeji kwa grupu kwa kuandika usermod -G bila ile herufi ya a. Ukiandika -aG unaongeza mtu kwa grupu mpya na zile za zamani zinabaki. Ukiandika -G peke yake unasema grupu zake za ziada ni hizi tu, zingine zote anatolewa. Shemeji alitolewa kwa grupu ya sudo, ile ya wenye ruhusa ya kusimamia mashine, bila mtu kujua. Kesho yake anataka kusasisha mashine anaambiwa hayuko kwa orodha ya wenye ruhusa, na hakuna mwingine alikuwa nayo. Ilibidi mashine izimwe iwashwe kwa hali ya uokoaji ndio arudishwe. Herufi moja!

Sasa huyu dada. Ana kaofisi ghorofa ya tatu kwa moja ya yale majengo ya Luthuli, hutengeneza laptopu na kuweka netiwaki kwa maduka, na jirani yangu wa kushona sare za shule ndiye aliniambia. Alifika kwetu Jumamosi asubuhi, akasalimia kila mtu kwa mkono. Nikampa kiti mbele ya kompyuta akakataa kwanza. Akaniambia, "Mama, naomba karatasi." Nikampa. Akaanza kuuliza: nani anatengeneza kazi, nani anarekebisha kazi ya mwenzake, nani anachapisha tu, nani hafai kuona mishahara, kazi ikiisha nani anasema imeisha. Alichukua karibu saa nzima kwa hayo maswali na aliuliza hata msichana wa kaunta, ambaye hakuna fundi amewahi kumuuliza kitu. Mpaka hapo hajagusa kibodi. Mimi hapo ndio nilijua huyu ni fundi, kwa sababu ruhusa za faili ni kazi za watu zimeandikwa kwa lugha ya mashine, kama hujui watu wanafanya nini utaandika nini?

Halafu akaketi, akaniita mimi na shemeji tukae pande zote mbili. Akaandika ls -l, amri ya kuonyesha faili na ruhusa zake, kwa ile folda ya kazi na akaweka ncha ya biro kwa skrini, kwa programu ingine ya mazishi, mpya, iliyotengenezwa baada ya ile 777. Ilikuwa imeandikwa -rw-r--r-- halafu jina la yule dada mbunifu mara mbili. "Mama soma na mimi," akasema. Rw ya kwanza ni mwenye faili, anasoma na anaandika. R ya katikati ni ya grupu, wanasoma tu. R ya mwisho ni watu wengine wote. Na yale majina mawili, la kwanza ni mwenye faili, la pili ni grupu ya faili. Debian ikifungulia mtu akaunti inamfungulia pia grupu ya jina lake, yenye iko na yeye peke yake. Kwa hivyo kila kazi ya yule dada ilikuwa ni ya grupu ya mtu mmoja, na hata kama ingekuwa ya grupu ya wote, wenzake wangesoma tu, kwa sababu umask, ile namba inasema faili mpya inyimwe ruhusa gani, ilikuwa 022, na hiyo 2 ya katikati inanyima grupu ruhusa ya kuandika kila faili ikizaliwa. Yani mashine haikuwa imeharibika. Ilikuwa inafanya kile imeambiwa. Nilikaa kimya kidogo hapo, nikikumbuka ile Ijumaa.

Kazi yenyewe sasa. Alitengeneza grupu inaitwa kazi, akaweka wabunifu watatu na sisi wawili, na -aG kama inavyofaa. Folda ya kazi akaihamishia /srv/kazi, akaipa hiyo grupu kwa chgrp, halafu akaandika chmod 2770. Zile 7 nilikuwa nishaelewa, 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 kwa folda ni kuingia, jumla 7, na 0 ya mwisho ni kwamba mtu wa nje hana kitu. Nikauliza hiyo 2 ya mbele ni ya nini. Akaandika ls -ld akanionyesha: drwxrws---. Pale ingekuwa x ya grupu pamekuwa s. Akasema hiyo s ndiyo inafanya folda ikumbuke grupu yake, faili yoyote itakayozaliwa ndani inachukua grupu ya folda badala ya grupu ya mtu aliyeitengeneza, na folda ndogo ndani yake inachukua grupu na hiyo s pia. Na ukiona S kubwa ujue x ya grupu haiko, kuna kitu imekosewa.

Hii s ndiyo fundi wa kwanza hakuijua. Bila hiyo utakuwa unarekebisha kila Jumatatu mpaka uzeeke.

Umask ya wabunifu akaifanya 002 ndio grupu ibaki na kuandika. Faili za zamani hakuzipiga na amri moja ya -R, alitumia find, amri ya kutafuta, mara mbili, folda peke yake 2770, faili peke yake 660, kwa sababu faili ya picha haihitaji ruhusa ya kuendeshwa kama programu na zile 777 zilikuwa zimepatia kila picha hiyo ruhusa. Niliona kwa ls jinsi rangi zilibadilika, zile faili zilikuwa zote kijani kibichi zikarudi kawaida.

Kenye kilinishangaza zaidi ni kufuta. Nilikuwa nafikiria nikifanya faili ya kusoma tu hakuna mtu ataifuta. Si hivyo. Kufuta faili kunategemea ruhusa ya folda, si ya faili, kwa sababu kufuta ni kutoa jina kwa orodha na orodha ni ya folda. Alinionyesha hapo hapo na faili ya kujaribu, akaifanya ya kusoma tu, akaingia kama mtu mwingine, akaifuta. Ndio akatengeneza /srv/mapokezi, pale kaunta huweka picha na maandishi kustoma wanaleta kwa fleshi au simu. Hiyo iko kwa grupu ya duka zima, na ni 3770, yaani ile s pamoja na alama ingine inaonekana kama T mwishoni. Hiyo T ni kama ya /tmp, folda ya mashine ya vitu vya muda, kila mtu anaweka lakini kufuta au kubadilisha jina ni mwenye faili, mwenye folda, au root, yule msimamizi mkuu wa mashine. Kwa Samba akaandika force group iwe duka ndio vitu vya Windows vifuate grupu hiyo hiyo. Kijana wa atachimenti mwingine alikuja mwezi uliopita na sikuwa na wasiwasi naye.

Halafu kuna /srv/tayari na hii ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu ilitoka kwa karatasi yake. Kazi ikikubaliwa na kustoma, mimi ndiye naikopi hapo. Folda ni yangu, wabunifu wanasoma, kaunta anasoma na kuchapisha, na kwa skrini ya kaunta hapaonekani mahali pengine pa kuchapishia. Ruhusa za kawaida zinakupa grupu moja tu kwa faili na hapa zilikuwa mbili, kwa hivyo alitumia setfacl, amri ya kuongeza ruhusa za ziada, akaongeza g:kaunta:rx kwa folda, na akairudia na -d ndio kila kitu kitakachozaliwa ndani kirithi. Ukiandika ls -l unaona alama ya + mwisho wa zile herufi, hapo ujue kuna ruhusa za ziada, ziangalie na getfacl. Alituambia pia folda ikishakuwa na hizo za kurithi umask haihesabiwi tena ndani yake, shemeji akaandika hiyo kwa ukuta kabisa. Kaunta hawezi tena kufungua toleo la zamani. Haliko pale anapoangalia.

Sasa mambo yenye sikupenda, kwa sababu yapo.

La kwanza, hakutuambia mapema kuhusu kuvuta faili. Wiki ya pili kijana mmoja alikuwa ametengeneza bango kwa folda yake ya nyumbani, halafu akalivuta na mausi mpaka /srv/kazi, na mwenzake akakataliwa kuliandika. Nilishtuka nikafikiri tumerudi kule. Kumbe ukihamisha faili ndani ya diski moja inakuja na grupu yake na ruhusa zake za zamani, ile s inafanya kazi kwa kitu kinachozaliwa ndani ya folda, si kitu kinachohamia. Ukikopi badala ya kuhamisha inakuwa faili mpya na inarithi. Alirudi jioni hiyo hiyo bila kuomba pesa, akaweka amri kwa cron, ile ratiba ya mashine ya kazi za kujiendesha, inapita usiku, inatafuta chochote ndani ya /srv/kazi ambacho si cha grupu ya kazi inakirudisha. Vizuri. Lakini hilo lilifaa kusemwa siku ya kwanza, kwa sababu duka kama letu watu huvuta faili siku nzima.

La pili, hakuacha maandishi mpaka nilipoomba. Niliomba, akaleta kurasa mbili, zimeandikwa kwa Kiswahili safi na kila amri. Hizo kurasa nimezilamineti ziko kwa ukuta karibu na UPS. Mkimwita mwambie mnataka hizo karatasi kabla hajaondoka.

La tatu ni dogo. Ukiongezwa kwa grupu mashine haijui mpaka utoke kwa akaunti uingie tena, na siku ile ya kwanza wabunifu walijaribu wakiwa bado wameingia, wakakataliwa, wakaanza kunung'unika kwamba hakuna kitu imefanyika. Neno moja tu lingetosha.

Bekapu tuliongea baadaye na akanibadilishia. Shemeji alikuwa anatumia rsync -a, amri ya kukopi faili, kwa diski ya nje kila Jumamosi. Hiyo -a inabeba mwenye faili, grupu na ruhusa ukiendesha kama root, lakini zile za setfacl haibebi, unaongeza A kubwa, -aA. Na diski iwe na mfumo wa Linux, yetu ilikuwa imefomatiwa kama fleshi ya kawaida na mfumo huo hauna mahali pa kuandika ni nani mwenye faili. Tukaifomati ext4. Mwezi wa tatu stima ilipotea mara nne siku moja na diski moja ikaanza kulalamika, tukarudisha /srv/tayari kutoka kwa bekapu, na zile alama za + zikarudi zote. Nilizihesabu mwenyewe.

Bei: alinitoza elfu nane na mia tano kwa Jumamosi nzima na Jumatatu nusu siku. Nilituma tatu kwa M-Pesa kama ya kuanzia na iliyobaki akasema nitume wiki ikiisha kama hakuna kitu kimekataa. Ukilinganisha na ile elfu mbili ya dakika kumi unaweza kusema ni ghali. Mimi nikihesabu karatasi za ile Ijumaa, na folda ya harusi iliyofutwa ambayo tulidizaini upya kazi kumi na moja kwa mikono, naona ni bei rahisi. Jumapili hapokei simu na sijaona kosa hapo. Jumamosi ya kwanza alichelewa saa moja kwa sababu ya mvua na msongamano wa Thika Road lakini alipiga simu akasema.

Nani asimwite? Kama uko peke yako na laptopu moja huhitaji haya yote. Kama mko wawili na mnaaminiana kwa kila kitu pengine pia hapana, shemeji wako anaweza kufanya chgrp na chmod 2770 mwenyewe na mkaendelea na kazi. Lakini mkiwa watatu kwenda juu na kuna mtu mmoja anapokea kustoma na mwingine anashika pesa, mwite, na kabla hajafika kaeni chini mwandike nani anafanya nini, mtampunguzia ile saa ya kwanza.

Jumanne hii nimeajiri mbunifu wa nne, msichana ametoka tu chuoni. Shemeji hakuwepo, alikuwa ameenda kununua karatasi Kirinyaga Road. Nikaenda kwa ukuta, nikasoma ile karatasi, nikaandika adduser na jina lake, halafu usermod -aG kazi, nikaangalia ile a mara mbili kabla ya kubonyeza. Nikamwambia, "Mami, toka uingie tena." Akatoka akaingia. Akafungua kadi ya harusi ya mwenzake, akasogeza jina la bwana harusi kidogo kushoto, akaseivu. Ikakubali.